Sukari ya Wakwe

Nyinyi mtakaosoma haya, wa kwangu na wa wenzangu, najua hamna subira. Mnasoma mstari mmoja, mnaangalia simu. Basi leo wekeni simu kifudifudi, maana ninayoyasema sitayarudia, na mengine sijawahi kumwambia mtu, hata babu yenu hakuyasikia mpaka tukamlaza kule juu kwenye migomba. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mkikuta mahali nimekosea kuandika, pitieni tu. Mahali nilipokosea kuishi ndipo msipapite haraka.

Mwezi uliopita nilikwenda Lemara kwenye msiba wa Mama Zuhura. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka uani, na binti yake, Rehema, akaniletea chai. Ilikuwa na sukari nyingi mpaka meno yakauma. Akakaa pembeni yangu, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Bibi Anandumi. Mama alikuwa hachoki kumtaja. Mwaka ule sukari haionekani mji mzima, huyu alitoa kopo lake zima kwa ajili ya dada yetu Zuhura." Wanawake wakasema mashaallah, wakanitazama kama wanavyotazama watu wema. Mimi nilitazama kikombe. Nikasema, "Ilikuwa kidogo tu." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Nilikuwa nimekaa na neno lingine kwa miaka arobaini na kitu, nimelibeba mpaka kwenye mkeka wa msiba wake, na nilipofungua kinywa likatoka hilo.

Rehema na ndugu zake watatu walizaliwa baada ya mwaka ninaousema. Zuhura hawakumwona. Lakini mama yao hakuitwa Mama Rehema hata siku moja. Mwanamke akishapewa jina la mtoto wake wa kwanza amelipata, mtoto abaki au asibaki. Kwa hiyo kila nilipomsalimia, kila nilipomwita kwa mbali sokoni, kila nilipopiga hodi kwake, nilimtaja marehemu. Mama Zuhura. Yeye aliitika kwa furaha. Mimi ndiye niliyekuwa naumia, na hakujua kwa nini nilipenda kumwita "dada" tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepanga chumba Kaloleni, si mbali na uwanja wa mpira. Nyumba ilikuwa na milango sita inayotazama ua, bomba moja, choo kimoja, na mwenye nyumba mmoja, Bi Hidaya, mjane aliyekuwa na macho mbele na nyuma. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mbao, na msumari wa kutundikia gauni. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Nilikuwa nimezoea kuamka nauona mlima mzima mbele yangu, na pale ilinibidi nipande juu ya sanduku ndipo nione kilele cha Meru juu ya mabati, kama ncha ya sikio la ng'ombe. Jumapili Mama Zuhura alikuwa ananikuta juu ya sanduku, anacheka. "Anandumi, unachungulia kama mlima utahama?" Yeye alitoka Kondoa, mumewe dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Mlango wake ulitazamana na wangu. Yeye alinifundisha kupika pilau bila kuligeuza uji, mimi nikamfundisha loshoro, yale makande yetu ya kuponda na maziwa mgando. Alikula mara ya kwanza akatema, akasema chakula cha Wameru kinataka ulimi wa kuazima. Mara ya pili akaomba aongezewe.

Na alikuwepo Zuhura. Miezi kumi, anatambaa kwa goti moja na mguu mmoja, kama mtu mwenye haraka aliyeumia. Akisikia nimefungua mlango anakuja. Siku moja nilichovya ncha ya kidole kwenye sukari nikamlambisha. Akalamba, akanyamaza, akafikiri kama mtu mzima. Halafu akanikamata kidole kwa mikono miwili asikiachie. Tulicheka mpaka Bi Hidaya akatoka kuuliza kuna nini.

Kazi yangu ilikuwa kwenye hoteli ya Mzee Salimu, hoteli ya mabenchi manne, chai na supu. Supu yenyewe ya utumbo. Alfajiri mchinjaji analeta ndoo, na mimi ndiye mwoshaji. Nyinyi mkiletewa supu mnaona vipande vyeupe vimejikunja kwenye bakuli, mnakamulia ndimu. Mimi niliushika ungali na joto. Kuna ule mpana wenye manyoya manyoya tuliouita taulo, na kuna ule mwembamba, mrefu, ambao ukiugeuza ndani nje unakuta ute, na chini ya ute kuna kitu laini kama kitambaa cha mahameli. Unaosha mara ya kwanza, mara ya pili, halafu unautia chumvi ya mawe, unausugua, unauacha kwenye karai. Ukirudi baada ya muda karai lina maji. Hukutia maji, lakini yapo, na utumbo umesinyaa, umekaza. Mzee Salimu alikuwa akipita anaangalia karai anasema, "Chumvi kiboko yake. Inakausha kila kitu." Na kwetu mlimani ndivyo tulivyofanya na ngozi ya mbuzi: chumvi, jua, ikakauka. Nikawa najua jambo moja kwa uhakika kabisa, kwamba chumvi inakausha. Nakwambieni hili mapema kwa sababu ndilo lililomuua mtoto, hilo pamoja na lile kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, nililiweka chini ya kitanda, nyuma ya sanduku. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni. Watu walikuwa wanapanga mawe na vikapu nje ya duka badala ya miguu yao, na duka likifunguliwa unaambiwa imekwisha. Watu walikunywa uji wa chumvi. Lakini Mzee Salimu alikuwa na njia zake, hatukumuuliza, na kila Jumamosi alinipimia sukari ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa kwa kuwa sikuwa mvivu. Sikuitia kwenye chai yangu hata chembe. Niliimimina kwenye kopo, nikaligonga ijishindilie, nikafunga. Nilikuwa nimechumbiwa. Babu yenu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, na shangazi zake wawili walikuwa waje kuniona Jumapili ya mwisho wa masika. Nilishaambiwa kuhusu hao shangazi. Wakienda mahali wakanywa chai isiyo na sukari, upande mzima wa mlima utasikia kabla hawajavua viatu.

Mama Zuhura alikuwa ananitania. "Hiyo sukari utazikwa nayo?"

"Ni ya wakwe."

"Wakwe! Hata uwape asali, watasema ina nyuki."

"Wewe umeshaolewa, huna shida."

"Nimeolewa na lori, mwenzangu."

Masika yalikuwa makali. Choo kilijaa kikafurika uani, Bi Hidaya akamwaga majivu, mvua ikayasomba majivu. Maji ya bomba yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mtaa wa pili tukasikia watu wanaharisha na kutapika, wanabebwa kwa mkokoteni. Alhamisi asubuhi Mama Zuhura alikwenda chooni mara sita kabla sijaenda kazini, na nilipotaka kutoka nilimkuta ameegemea ukuta, macho yameingia ndani, sauti imekauka. Tulimpeleka hospitali mimi na jirani mmoja. Kule wagonjwa wa kuharisha walitengwa, na mtoto asiyeumwa hakuruhusiwa kuingia. Akanikabidhi mwanawe mlangoni.

"Anandumi, mwanangu huyo."

"Nenda. Niko naye."

"Hajazoea kulala bila ziwa. Mpe uji mwepesi. Usimchoke."

"Nitamchokaje?"

Ijumaa Zuhura akaanza. Uji ulitoka kama ulivyoingia, halafu hata uji haukuwepo, ni maji tu, maji yanaruka kama ya mfereji uliobomoka. Bi Hidaya akaja kusimama mlangoni, mkono kiunoni. "Usimpe maji! Maji ndiyo yanamfungulia. Kausha tumbo hilo." Wazee wengi waliamini hivyo, na mimi nilijiona mjanja kwamba sikumsikiliza. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda zahanati. Nilijaa kiburi siku ile: nilikuwa namwambia moyoni, mimi si mshamba, mimi naenda kwa nesi.

Watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti, anatufundisha tukiwa tumesimama kwa sababu ya wingi wetu, lakini nilipofika kwake alimgusa mtoto, akamvuta ngozi ya tumbo kidogo akaiachia, akanitazama mimi.

"Mama yake?"

"Amelazwa. Mimi jirani."

"Sikiliza, binti. Maji yaliyochemka, chupa tatu za soda. Chumvi nusu kijiko cha chai, isizidi. Sukari vijiko sita vya kusawazisha, kile kijiko cha chai. Koroga. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika ngoja kidogo, mpe tena. Akigoma kunywa, au asipokojoa, mlete mbio, usingoje kesho. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia. Nilirudia yote, neno kwa neno. Nilisema vijiko sita kwa kinywa changu mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu akasema Bibi hakuelewa. Nilielewa kilichosemwa.

Nilirudi, nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa, nikayapoza, nikapima chupa tatu kwenye sufuria. Nikapiga magoti nikalivuta kopo. Nikalifungua. Hii nakumbuka kuliko siku ya harusi yangu: sukari ilikuwa imefika karibu na mdomo wa kopo, nyeupe, imejishindilia, juu yake kuna alama ya kidole changu. Nikapiga hesabu. Sita leo, sita kesho, sita keshokutwa kama hajapona. Na Jumapili ni keshokutwa. Nikakaa pale na kijiko mkononi nikaanza kujisemesha. Nikasema, dawa hapa ni ipi? Dawa ni chumvi. Chumvi inakausha, naiona kila siku kwenye karai. Sukari ya nini kwenye dawa? Sukari ni ya kumbembeleza mtoto ili anywe. Zuhura ananipenda, nitambembeleza kwa maneno. Na kama dawa ni chumvi, basi nusu kijiko kwa mtoto anayeharisha hivi ni kidogo, nitie kimoja kijae. Nikafunga kopo. Nikalirudisha nyuma ya sanduku.

Alikunja uso kwenye kijiko cha kwanza. Cha pili alitema. Nilimshika mashavu nikammiminia. Akatapika. Nikangoja kidogo kama nilivyoambiwa, nikampa tena. Nilikuwa mtiifu sana katika yale yasiyonigharimu kitu. Mchana kutwa niliimba, nikamtembeza uani, nikampa maji yale ya bahari, na kadiri nilivyompa ndivyo yalivyomtoka. Jioni Bi Hidaya alikuja, akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba, akatema pembeni. "Hii hata mimi siwezi. Huna sukari humo ndani, walau anywe?"

"Haitoshi," nikasema.

Haitoshi. Angalieni neno lenyewe lilivyo la heshima.

Jumamosi asubuhi aliamka hana kelele. Alilia, lakini macho hayakutoa machozi. Utosi ulikuwa umebonyea, ungeweza kuweka ncha ya kidole gumba ikatulia pale. Nepi ilikuwa kavu tangu usiku, na mimi, Mungu anisamehe, nilipoiona kavu nilifurahi. Nilisema chumvi imeanza kukausha. Nilipika uji wangu nikanywa. Ndipo nikakumbuka: asipokojoa, mlete mbio. Nikavuta kopo nikatia sukari kwenye yale maji. Kijiko kimoja. Hata katika hofu ile nilitia kimoja, nikakisawazisha kwa kidole. Nikampelekea mdomoni. Alilamba. Akakitafuta kijiko kwa mkono, kama alivyokikamata kidole changu siku ile, lakini mkono haukufika. Nikamfunga mgongoni nikakimbia.

Hospitali walimpokea haraka, sitawasingizia. Walitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Mishipa ilikuwa imejificha. Daktari mmoja kijana aliniuliza bila kuinua kichwa, "Nyumbani mlimpa maji ya chumvi na sukari?" Nikasema ndiyo. Akasema vizuri. Zuhura alifariki kabla ya adhuhuri, na mama yake alikuwa wodi ya jirani, ametundikiwa chupa ya maji, hajui kitu.

Alizikwa Jumapili asubuhi. Baba yake alikuwa bado njiani, hapakuwa na simu za mkononi za kumtafuta. Ua wote ukakaa msibani, mikeka ikatandikwa chini ya kamba za nguo, na Bi Hidaya akaweka sufuria kubwa la chai jikoni, akasema kwa aibu kwamba chai ni ya hivyohivyo, watu wavumilie, sukari hakuna. Nikainuka. Nikaingia chumbani, nikavuta kopo, nikatoka nalo mikononi mbele ya watu wote, nikalimimina lote kwenye sufuria la chai. Lote. Nikaligonga kitako. Sikujua nafanya nini, nilitaka tu liondoke chini ya kitanda changu. Halafu Bi Hidaya akaanza kulia, akasema, "Mungu akuzidishie, Anandumi. Sukari ya wakwe zako!"

Na wakwe wakaja. Siku ilikuwa ileile, hakuna aliyewapa habari. Wanawake wawili wa mlimani, vitambaa vizuri vichwani, wanasimama kwenye lango wanaona msiba. Walikuwa na adabu. Walivua viatu, wakakaa mkekani na Waislamu, wakatoa pole. Mimi nikawahudumia chai. Shangazi mkubwa alipiga fundo moja, akatazama kikombe, akamwuliza Bi Hidaya kwa sauti ya chini, nami nikasikia, "Sukari hii mmeitoa wapi?" Bi Hidaya akamwambia. Shangazi akageuka kunitazama, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akamwambia mdogo wake kwa Kimeru, "Turudi nyumbani. Huyu ndiye." Hawakuniuliza swali hata moja.

Ndivyo nilivyoolewa. Sukari niliyomnyima mtoto ili niwape wakwe iliwafikia wakwe hata hivyo, tena ikiwa imepakwa wema. Baba zenu na mama zenu wametoka kwenye kopo lile. Msinitolee macho. Nawaambia mjue mlikotoka.

Mama Zuhura alitoka hospitali siku ya nne, amekuwa mwembamba kama ufito. Wanawake walikuwa wameshamwambia. Alikuja mpaka chumbani kwangu, akakaa kwenye sanduku langu. Hakulia. Alinishika mikono yote miwili.

"Alisumbua?"

"Hapana."

"Alilala?"

"Alilala."

"Nimeambiwa ulimbeba mpaka mwisho. Nimeambiwa na sukari yako umetoa."

"Dada..."

"Nyamaza. Hili Mungu analo, mimi sina cha kukulipa."

Wakati ule nilijua nimevunja agizo, lakini sikujua nilichovunja. Nilijifariji kwamba chumvi alipata, dawa alipata. Faraja ile iliisha kliniki, miaka michache baadaye, nimempakata mtoto wangu wa kwanza. Nesi alikuwa anatufundisha habari ya kuharisha, msichana mdogo tu, na akauliza, "Nani ananiambia sukari ni ya kazi gani?" Mama mmoja akajibu, "Ya kumbembeleza mtoto." Wote wakacheka, nesi naye akacheka, akasema hapana, mama. Mimi sikucheka. Alisema utumbo si bomba la kupitisha chakula. Kila siku utumbo wenyewe unamwaga maji ndani yake, mengi kuliko tunayokunywa, ili chakula kilainike, halafu unayanyonya tena karibu yote yarudi kwenye damu, pamoja na chumvi na nguvu ya chakula. Nilimwelewa kwa mfano wa mifereji yetu ya mlimani, ile inayoleta maji ya mto shambani: lango la kumwaga na lango la kurudisha. Ugonjwa ule unalivunja lango la kumwaga likabaki wazi. Lakini upande wa kurudisha upo mlango mmoja ambao ugonjwa hauuwezi, na mlango huo chumvi ikibisha peke yake haufunguliwi. Ni mpaka chumvi ije imeshikana mkono na sukari. Zikija pamoja zinaingia, na maji yanafuata nyuma yao kama kondoo. Akasema chumvi ikizidi, tena haina sukari, inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji ya mwili yatoke. Akasema ndiyo maana ziwa lisiachwe, na uji, na ndizi mbivu ya kuponda, kwa kuwa anayeharisha anapoteza na chumvichumvi nyingine zinazoendesha moyo, na ndizi inazo.

Inavuta maji ya mwili yatoke. Karai lilinijia mbele ya macho. Kila alfajiri kwa mwaka mzima niliona kwa macho yangu chumvi ikiyatoa maji kwenye utumbo, maji yamejaa karaini, na mimi nikaita hiyo kukausha. Ni kweli ilikuwa inakausha. Ilikuwa inakausha yule niliyempa. Nilinyanyuka na mtoto wangu, nikaenda kusimama nyuma ya jengo mpaka somo likaisha.

Mjukuu wangu Neema, huyu anayesomea unesi, nilimuuliza juzi kama mtu anayeuliza habari za watu wengine. Akasema, "Bibi, mtoto wa hivyo, kwa siku zile, huenda asingepona hata angepewa sukari." Alisema kwa upole, nadhani alishanielewa. Nikamwambia anyamaze. "Huenda" si neno la kuniletea mimi. Vijiko sita vilikuwepo.

Mtauliza kwa nini sikumwambia mama yake. Nilijaribu mara moja. Alikuwa ameshajenga Lemara, ilikuwa Idi, ananikatia nyama ya kubeba, watoto wake wanakimbia uani. Nikasema, "Dada, ile sukari..." Akaweka kisu chini, akaniziba mdomo kwa mkono wenye mafuta. "Usinikumbushe wema wako, nitalia siku ya sikukuu." Nikanyamaza, na nilipokuwa narudi nyumbani na ile nyama nilijiambia nimenyamaza kwa ajili yake. Uongo. Kuna watu wanapendwa kwa makosa, na wakishaonja hawataki kurudisha. Nilipenda kupendwa na Mama Zuhura. Sasa amekwenda, na huko alikokwenda, kama yanayosemwa ni kweli, ameshakutana na aliyekinywa kile kijiko, na ameshaambiwa.

Nilirudi kutoka Lemara siku ile, nikafika hapa Moshono, nikakuta sukari ya nyumba imefungiwa kabatini. Mke wa mwanangu alisema watoto wanailamba na sisimizi wanajaa. Nikamwomba ufunguo. Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, hata aliyekuwa bafuni nikamngoja, nikawaambia hivi:

Ufunguo huu naulalia mimi, hautafunga tena. Sukari itakaa juu ya meza, chumvi pembeni yake, na kijiko cha chai ndani ya bilauri, kisitumike kwa kingine. Sisimizi wale wanachotaka. Zahanati siku hizi wanatoa pakiti za kuchanganya na vidonge vyake, mtoto akiharisha mnakwenda, lakini mnachanganya kwanza na mnamnywesha njiani: maji chupa tatu za soda, chumvi nusu, sukari sita, na asiwepo mtu wa kujitia kujua kipi ndicho dawa. Kopo likishuka mpaka vikabaki vijiko sita, hiyo si sukari ya chai tena. Akija mchungaji anywe hivyohivyo. Akija mkwe, anywe hivyohivyo, na akiuliza, mwambieni ni mimi nimekataza.